Kukimbia ufukweni Bagamoyo: jua leo ni mwezi ngapi

Anayeanza mbio Bagamoyo huuliza anunue viatu gani. Aanze kwa kuuliza leo ni mwezi ngapi, yaani tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Maji yakiwa yamekupwa, ufukwe wa hapa ni uwanja mpana, mgumu wa kiasi, usio na bodaboda wala moshi wa daladala. Maji yakijaa unabaki na kipande chembamba cha mchanga laini ulioinamia baharini, na hapo ndipo watu wengi hupatia maumivu ya kisigino na goti, kisha wakalaumu raba.

Maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Ndiyo maana ratiba ya "kila Jumamosi saa 12 asubuhi ufukweni" haidumu. Jumamosi moja mtakuta mchanga, nyingine mtakuta mawimbi yanagonga kuta.

Bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, huwadanganya wageni. Bahari hutoka mbali kweli, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, lakini kule kupwa huangukia kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Saa 5 jua la Bagamoyo si la kukimbilia. Alfajiri ya siku hizohizo, saa 10 hadi 11, maji huwa yamejaa pomoni. Kwa mkimbiaji wa saa 12 asubuhi, basi, bamvua ni siku za barabarani.

Siku zake ni zile za maji mafu, yaani za tofauti ndogo ya kujaa na kupwa, na zinazofuatia: tarehe 8 hadi 11 za mwezi mwandamo, tena 23 hadi 26. Hapo maji hukupwa takriban kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi, na jioni vivyo hivyo. Bahari haiendi mbali kama siku za bamvua, lakini unapatikana mchanga wa kuwatosha watu watatu au wanne bega kwa bega. Haya ni makadirio. Yahakikishe kwa jedwali la maji la Dar es Salaam au Zanzibar, au muulize mvuvi yeyote pale soko la samaki. Atakujibu bila kutazama simu.

Kumbuka pia kwamba maji hayashuki wala kupanda kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujivuta, saa ya tatu na ya nne hukimbia. Muda salama ni saa mbili kabla ya kupwa kabisa hadi saa mbili baada yake. Ukivuka hapo, ile njia pana uliyokwenda nayo huikuti wakati wa kurudi.

Mchanga wa kukanyaga

Tafuta mchanga wenye unyevu, wa rangi nzito, usio na maji yanayong'aa juu yake. Kanyaga hatua kumi kisha geuka utazame: alama ya kiatu ikiwa na kina cha nusu sentimita, hapo pazuri. Kisigino kikizama sentimita 2 au zaidi, sogea upande wa bahari. Ukikuta mchanga umejikunja vijituta vijituta vigumu, panda juu kidogo, maana vijituta hivyo huteguza kifundo cha mguu polepole, hatua baada ya hatua, bila wewe kujua mpaka kesho yake.

Mchanga mkavu na laini hula nguvu: kukimbia humo hugharimu zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu unayotumia kwenye sakafu ngumu kwa kasi ileile. Kisigino huzama, kwa hiyo kigimbi na kano ya kisigino hunyooshwa kupita vilivyozoea. Ni zoezi zuri, ila kwa dozi ndogo. Anza na dakika 5 mwishoni mwa mbio, mara moja kwa wiki, na ongeza dakika 2 tu kila wiki. Anayeamka asubuhi akahisi kano ya kisigino imekakamaa hatua za kwanza kuelekea chooni asikimbie mchanga laini mpaka hali hiyo ipotee.

Mteremko nao ni tatizo. Mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini kuliko wa upande wa nchi kavu, na maumivu hujitokeza upande wa nje wa goti au kwenye nyonga. Dawa yake ni kwenda na kurudi kwenye mstari uleule, ili mguu uliokuwa chini urudi juu. Ukienda ufukweni na kurudi kwa barabara, mguu mmoja umebeba mzigo wote.

Mbele ya soko la samaki na bandari ya zamani usikimbie kichwa juu. Mashua na ngalawa zikikaa mchangani, kamba za nanga hulala zimevutwa kwa urefu wa goti au chini yake, na alfajiri hazionekani. Pita kwa kutembea. Pale pia kuna miiba ya samaki na vipande vya chupa, kwa hiyo peku haifai. Ukielekea kusini kama unakwenda Kaole, au kaskazini upande wa mlango wa mto Ruvu, mchanga huishia kwenye tope la mikoko. Tope likianza, geuka. Usijaribu kuvuka, litakutoa kiatu.

Na usiende peke yako sehemu zisizo na watu, alfajiri au magharibi. Watu watatu au zaidi, simu nyumbani au moja tu kwa kundi zima.

Upepo na jua

Kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Anza kwa kuupinga upepo, rudi ukisukumwa nao: miezi ya kusi anza kuelekea Kaole, miezi ya kaskazi anza upande wa pili. Wanaofanya kinyume hurudi wamechoka, upepo usoni, jua limeshapanda. Halafu kuna jambo wasilolitarajia wengi: ukikimbia na upepo wa mgongoni wenye kasi kama yako, hewa inayokuzunguka husimama, na joto hupanda ghafla. Punguza mwendo unaporudi hata kama miguu inataka.

Kinachomaliza mtu wa pwani ni fukuto. Jasho hupoza mwili likikauka. Hewa ikishiba unyevu, jasho hudondoka tu na joto hubaki mwilini. Kwa hiyo usipime kasi kwa saa ya mkononi kati ya Desemba na Machi. Pima kwa mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi nzima ya maneno kumi bila kutweta, umezidisha. Mwendo wako wa Julai ukiwa dakika 7 kwa kilomita, Februari kubali 7 na nusu, hata 8. Hujashuka kiwango.

Ukianza kuhisi baridi au vipele vya baridi wakati wa joto, kizunguzungu, au mwenzako akaanza kujibu maneno yasiyoeleweka, mbio zimekwisha. Kivuli, vua nguo za juu, mwagia maji mwili mzima, pepea. Maji ya bahari yanafaa kabisa kwa kumwagia. Akiwa amechanganyikiwa, mpozeni huku mkitafuta usafiri wa hospitali, msisubiri apate nafuu kwanza.

Maji ya kunywa

Njia ya kujua unapoteza kiasi gani: jipime uzito bila nguo kabla ya kukimbia, kimbia saa moja bila kunywa, jifute jasho, jipime tena. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho. Fanya hivyo mara moja wakati wa kusi na mara moja wakati wa kaskazi, maana namba hizo mbili hazifanani.

Kwa mbio zisizofika saa moja, glasi mbili za maji kabla na maji baada yatosha. Zikizidi saa moja, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu nusu. Onja: ikiwa chumvi inasikika kuliko machozi, umezidisha. Kunywa mafunda matatu manne kila dakika 15 au 20. Madafu ni mazuri baada ya mbio, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho hutoa zaidi sodiamu. Kula kitu chenye chumvi pembeni. Kunywa maji matupu lita kwa lita ili "kujaza tangi" ni hatari, kwani chumvi ya damu hushuka, mtu akapata kichefuchefu na kichwa kuuma, na wenzake wakamwongezea maji mengine.

Viatu

Wengi hununua mtumba, na hakuna ubaya, mradi ujue kuchagua. Kiatu hufia katikati, kwenye lile povu lililo kati ya soli ya chini na unyayo, nacho juu bado kinang'aa. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikilala upande mmoja, kirudishe. Bonyeza povu kwa kidole gumba kando ya kisigino. Linatakiwa libonyee na kurudi. Likiwa na mikunjo mingi kama uso wa mzee, au gumu kama ubao, limekufa. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati. Mwisho toa soli ya ndani, utazame alama ya mguu wa mwenye kwanza. Ikiwa shimo la kidole gumba liko mbali na lako, utapata malengelenge hata kiatu kikiwa saizi yako. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele.

Maji ya chumvi na jua kali huua gundi. Ukirudi, suuza kwa maji ya bomba, toa soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Ukianika juani kwenye bati, ndani ya wiki chache soli inafunguka mdomo. Fundi viatu anaweza kushona pembeni, lakini uzi unaopita kwenye povu hukaza kiatu. Kibaki cha kutembelea.

Nguo za pamba hunyonya jasho zikawa nzito na kuchubua mapaja na chuchu. Jezi nyepesi ya mpira wa miguu inafaa zaidi. Anayevaa hijabu atafute kitambaa chepesi kinachonyooka, asichomeke pini shingoni, na mikono mirefu myembamba si tatizo kwenye jua. Mafuta ya mgando paka kabla, kwenye mapaja, kwapani na kati ya vidole.

Kutoka sifuri hadi dakika 40

Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Wiki mbili za kwanza: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Wiki ya 3 na ya 4: kimbia 3, tembea 2, mara 5. Ya 5 na ya 6: kimbia 6, tembea 1, mara 4. Ya 7: 12 kwa 1, mara mbili, kisha 8 za mwisho. Ya 8: dakika 25 mfululizo, na kuanzia hapo ongeza dakika 3 kwa wiki kwenye siku moja tu ya tatu, hadi 40. Kosa la kawaida ni kuruka wiki kwa sababu pumzi imezoea. Pumzi huzoea upesi. Mfupa wa ugoko na kano huchukua miezi. Maumivu ya ugoko yanayoenea eneo refu yapumzishe siku tatu nne. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, acha kukimbia na umwone daktari.

Kwa kundi lenye kasi tofauti, msihesabu kilomita. Ondokeni pamoja, kila mtu kwa mwendo wake, na dakika ya 20 ikifika wote wageuke walipo. Aliyekwenda mbali ana njia ndefu ya kurudi, aliyekwenda karibu ana fupi, na kama kila mmoja ametunza mwendo wake mtafika karibu kwa pamoja. Anayefika dakika tano baada ya wenzake ameanza kwa pupa. Hakuna haja ya kumwambia, atajionea. Na yule mzito wa mwisho hapigiwi makofi ya huruma, anaongozwa njia nzima na mmoja wa wenye kasi, kwa zamu.

Mwezi wa Ramadhani punguza hadi mara mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 30, ukimaliza dakika chache kabla ya futari, au saa moja na nusu baada ya tarawehe. Mbio ndefu ziahirishe hadi baada ya Idi.

Wanaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wanakabiliwa na jambo jingine: Moshi ina vilima, Bagamoyo ni tambarare. Mchanga laini ndio mlima wetu. Kuanzia Novemba, baada ya mbio nyepesi za dakika 20, panda kutoka mstari wa maji hadi penye minazi, mita 30 au 40, kwa hatua fupi na mikono ikifanya kazi, kisha shuka ukitembea. Mara 6 kwa kuanzia, mara 12 ifikapo Januari, mara moja kwa wiki, na kesho yake usikimbie.