Somo: Kodi ya mauzo Marekani kwa anayeuza jimboni kwake na anayetuma mizigo majimbo mengine

Wengi wetu tumekulia kwenye VAT. Tanzania Bara asilimia 18, Kenya 16, imeshalala ndani ya bei, na mdai ni serikali moja. Ukifika Marekani na biashara yako, weka hayo pembeni. Hakuna kodi ya mauzo ya taifa zima, na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, hapa hawamo kabisa. Majimbo 45 pamoja na Washington, D.C. kila moja lina sheria yake, na chini yake kaunti na miji huongeza asilimia zao. Matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Hata hapo Alaska imeziachia halmashauri zake ruhusa ya kutoza.

Nitatumia mfano mmoja: dada anayeishi Dallas, Texas. Anauza vitenge, magauni ya kushonwa na kahawa ya Kilimanjaro. Anauza nyumbani, kwenye tovuti yake, na kidogo kwenye soko la mtandaoni la Etsy.

Hatua ya 1: Jua ni jimbo gani limekushika

Wahasibu wa huku husema neksasi. Mimi nitaita mshiko, maana ndivyo ilivyo: jimbo limekushika au halijakushika.

Mshiko wa kwanza ni wa mwili. Ukiwa na nyumba ya biashara, stoo, mfanyakazi au mzigo uliohifadhiwa ndani ya jimbo, umeshikwa. Dada yetu Texas imemshika tangu alipoanza kuuza, hata kama alianza na vitenge kumi sebuleni.

Mshiko wa pili ni wa mauzo, na huu una historia yake. Tangu kesi ya Quill ya mwaka 1992, muuzaji asiye na ofisi wala mtu ndani ya jimbo hakulazimishwa kukusanya kodi yake. Kisha biashara ya intaneti ikavimba. South Dakota, ambayo haitozi kodi ya mapato ya watu binafsi na hivyo inaitegemea sana kodi ya mauzo, ikatunga sheria ya kuwabana wauzaji wa mbali na kuwashtaki. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaipa ushindi dhidi ya Wayfair, kampuni inayouza samani mtandaoni. Kikomo cha South Dakota kilikuwa mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, Missouri ikifunga msafara Januari 2023.

Vikomo havilingani. Dola 100,000 ndicho cha kawaida. California na Texas ni dola 500,000. New York inataka yote mawili, zaidi ya dola 500,000 na zaidi ya mauzo 100. South Dakota yenyewe ilishaifuta hesabu ya miamala mwaka 2023, lakini yapo majimbo yaliyobaki nayo, na hiyo ndiyo inayowanasa wauza vitu vidogo: hereni 200 za dola tano tano ni dola elfu moja tu, na tayari umeshikwa.

Kwa hiyo andika jedwali: jimbo, jumla ya mauzo, idadi ya miamala, ukihesabu miezi 12 au mwaka wa kalenda kadiri jimbo lenyewe linavyotaka. Liangalie kila mwisho wa mwezi. Dada wa Dallas akifanya hivi ataona ameshikwa na Texas peke yake, na presha itashuka. Nimeshaona watu wakijisajili majimbo kumi na tano kwa woga tu, halafu wanabaki kujaza fomu za sifuri usiku kucha.

Hatua ya 2: Chukua kibali kabla hujatoza senti

Kutoza kodi ya mauzo bila kibali ni kosa, hata ukiwa na nia njema. Unajisajili kwenye idara ya mapato ya jimbo. Kwa Texas ni ofisi ya Comptroller, na kibali hakilipiwi. Aliyeshikwa na majimbo mengi aangalie mpango wa Streamlined, ambao majimbo 24 yamo na fomu moja tu inakusajili kwa unayoyachagua.

Hatua ya 3: Jua bidhaa yako jimbo linaiitaje

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wanapoanguka. Usiulize “asilimia ngapi?” kabla hujauliza “kitu hiki kinatozwa?”

Kahawa ya pakiti Texas ni chakula cha nyumbani, haitozwi. Gauni Texas linatozwa. Gauni hilo hilo likienda kwa mteja wa Minnesota, halitozwi, kwa sababu nguo za kuvaa zina msamaha kule. Na kitenge nacho kitapita? Kinapita, lakini si kama nguo. Minnesota kitambaa cha kushonea si nguo, ni vifaa vya ushonaji, kama uzi na vifungo, navyo vina msamaha wake. Nenda New York: nguo ya chini ya dola 110 haitozwi kodi ya jimbo, na kitambaa cha kushonea nguo hiyo nacho kinasamehewa. Kitenge kile kile Texas kinatozwa, Minnesota hakitozwi. Ndiyo maana kwenye tovuti yako usiweke kila kitu chini ya “nguo” kisha ukaiachia programu ikufanyie hesabu. Programu inatoza ulichoiambia.

Hatua ya 4: Toza kwa usahihi

Kwa muuzaji wa mbali, kawaida kinachohesabika ni anwani anakopokea mteja. Dallas yenyewe, jimbo linachukua 6.25 na mamlaka za mitaa 2, jumla asilimia 8.25. Kitenge cha dola 40 kodi yake ni dola 3.30. Ukimtoza mteja wa Texas dola 8 za usafirishaji, nazo zinatozwa: 48 mara 8.25 kwa mia ni dola 3.96. California, usafirishaji ulioandikwa peke yake kwenye risiti na kupelekwa na posta au kampuni ya vifurushi, kwa kawaida hautozwi.

Etsy, Amazon, eBay na masoko mengine ya namna hiyo kwa sheria ndiyo yanayokusanya na kupeleka kodi ya mauzo yanayopita kwao. Usiitoze mara ya pili.

Fedha ya kodi unayokusanya ifungulie akaunti yake benki. Si yako hata sekunde moja. Ni amana, na mwenye kampuni anaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake hata kama kampuni imefilisika.

Hatua ya 5: Peleka ritani, hata ya sifuri

Texas, anayewasilisha kila robo mwaka mwisho wake ni tarehe 20 ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ukiwahi unabakiza nusu ya asilimia moja kama ahsante. Ukichelewa kulipa, faini ni asilimia 5, na baada ya siku 30 inakuwa 10. Juu yake kuna dola 50 za kuchelewesha ritani yenyewe, mauzo yawepo yasiwepo. Mimi hizo 50 nilizilipa mwaka wangu wa kwanza, kwa robo ambayo sikuuza hata kanga moja na nikaona hakuna la kuandika. Kosa langu, wala sikubisha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Ohio: Mwalimu, nanunua jora za vitenge kwa mwenye stoo ya jumla Houston. Kila mara ananitoza kodi, nami namtoza mteja wangu. Si serikali inakula mara mbili?

Jibu: Inakula mara mbili kwa sababu hujampa cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza. Ukishakuwa na kibali, mjazie cheti hicho, naye hatakutoza. Kodi ya mauzo haina mtindo wa VAT wa kudai marejesho ya ulicholipa kwenye manunuzi. Inalipwa mara moja, na mtumiaji wa mwisho. Ila ukikata mita sita ukajishonea mwenyewe, mita hizo unazilipia kodi ya matumizi kwenye ritani yako.

Mwanachama, Georgia: Natuma mzigo stoo za Amazon na wao ndio wanaowafungashia wateja. Nimeambiwa Amazon wanalipa kila kitu, nilale.

Jibu: Kwa mauzo ya Amazon, kodi wanaikusanya wao, kweli. Lakini mzigo wako ukikaa kwenye stoo ya jimbo jingine, jimbo hilo linaweza kuhesabu kuwa limekushika kwa mwili. Ukianza kuuza na kwenye tovuti yako kwa wateja wa huko, hakuna kikomo cha kukukinga. Pakua ripoti inayoonyesha mzigo wako umelala wapi. Ukiisoma ndipo ulale nawe.

Mwanachama, Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Kariakoo, natuma vikoi kwa posta moja kwa moja. Sina kampuni Marekani. Yananihusu?

Jibu: Marahaba. Sheria hizi haziulizi pasipoti. Ukivuka kikomo cha jimbo umeshikwa, hata ukiwa Kariakoo. Kwa mauzo ya vikoi vya rejareja huenda uko mbali na kikomo, lakini hesabu. Usichanganye na ushuru wa forodha, huo ni wa serikali kuu. Ule msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 ulisimamishwa tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo mwambie mteja mapema nani atalipa mlangoni.

Mwanachama, Arizona: Nimeuza majimbo mengine tangu 2021 na sasa nagundua mawili nilivuka kikomo zamani. Nijisajili leo kimya kimya nianze upya?

Jibu: Usifanye hivyo. Ambaye hajawahi kuwasilisha ritani, miaka yake ya nyuma haifungwi. Wanaweza kurudi mpaka siku ya kwanza. Tafuta mpango wa kujitokeza kwa hiari katika kila jimbo. Mara nyingi wanarudi nyuma miaka mitatu au minne tu na faini wanasamehe, riba kwa kawaida unalipa. Sharti ni wewe uwe umewaandikia kabla wao hawajakuandikia. Barua yao ikishafika sandukuni, mlango huo umefungwa. Na hapa, kaka, lipia mhasibu.

Mwanachama, Iowa: Nakwenda Minneapolis wikiendi moja kuweka meza kwenye sherehe ya jumuiya. Siku mbili tu, nahitaji karatasi?

Jibu: Unahitaji. Ukisimama na meza, uko jimboni kwa mwili, siku mbili au miaka miwili. Waulize waandaaji kuhusu usajili wa kodi kwa wenye meza. Watakutaka ujaze fomu kabla hujatandika bidhaa. Magauni yako kule hayatozwi. Vitambaa vya kushonea navyo havitozwi.