Ritani ya KRA: ujaze mwenyewe au umlipe mhasibu?

Ritani ya mwaka uliopita, yaani taarifa ya mapato na ushuru unayowasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), hufungwa tarehe 30 Juni. Mtu binafsi akichelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Kabla ya kuamua nani ataijaza, hesabu vyanzo vyako vya mapato. Wingi wa pesa si hoja: mwenye mshahara mnono kutoka kwa mwajiri mmoja ana ritani nyepesi kuliko mwenye duka dogo na nyumba mbili za kupangisha.

Una mshahara wa mwajiri mmoja? Jaza mwenyewe. Chukua P9 (fomu ya mshahara na makato yako ya mwaka) kwa mwajiri, ingia iTax (mfumo wa KRA wa mtandaoni), fungua sehemu ya ritani, chagua fomu ya wakazi wenye mshahara pekee, kisha uandike kipindi cha 1 Januari hadi 31 Desemba. Linganisha kila kisanduku na P9: mapato kabla ya makato (si pesa zilizoingia benki), mchango wa pensheni, nafuu ya kibinafsi (kiasi kinachopunguzwa kwenye ushuru wako) ya Sh28,800 kwa mwaka, na PAYE (ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara) iliyokatwa. Jibu la mwisho liwe sufuri, au shilingi moja mbili juu au chini. Likitokea deni la Sh28,800 kamili, umeruka nafuu. Likiwa kiasi kingine, anza kukagua pensheni. Usitume mpaka ujue tofauti imetoka wapi.

Wenye waajiri wawili kwa wakati mmoja ndio hushtuka zaidi. Kila mwajiri alikata PAYE kana kwamba yeye ni wa pekee, hivyo mapato yakijumlishwa yanapanda viwango vya juu, na nafuu huhesabiwa mara moja tu. Deni hilo ni halali, na lilipaswa kulipwa kufikia 30 Aprili, miezi miwili kabla ya ritani kufungwa. Baada ya hapo kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Kosa baya kuliko yote ni kutuma ritani ya sufuri huku ulikatwa PAYE, eti kwa sababu ni rahisi. Ukishafanya hivyo, wasilisha ritani ya marekebisho mapema.

Biashara inayolipa ushuru kwa faida ni kazi ya mhasibu. Kuna gharama zinazokubalika na zisizokubalika, uchakavu wa mitambo unaohesabiwa kwa viwango vya sheria, na hasara za miaka iliyotangulia. Lakini hata mhasibu hodari hawezi kukuokoa usipokusanya ankara za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) mwaka mzima.

Ukimwajiri, hakikisha ni wakala mwenye leseni ya KRA, na umteue ndani ya iTax badala ya kumpa nywila. Kagua baruapepe na simu zilizoandikwa kwenye akaunti. Wengi waliosaidiwa saiba (duka la intaneti) hukuta baruapepe ya mtu mwingine, na nywila mpya hutumwa huko. Soma ritani kabla haijatumwa, kwa sababu makosa yaliyomo yatadaiwa kwako. Mwishowe dai stakabadhi ya kupokelewa na nakala ya fomu, uzihifadhi pamoja na P9 na ankara kwa miaka 5.