Kupakua muziki na kuupiga kwenye redio ya gari

Wimbo uliopakua ndani ya Spotify au Boomplay hautoki humo. Umefungwa, ukiuhamishia kwenye flashi, redio ya gari haitaupiga. Ukitaka muziki ulio wako kweli, nunua faili la MP3, kwa mfano kwenye tovuti ya Bandcamp, ukitumia kivinjari. Ukishalipa, chagua MP3 320 (320 ni kbps, kipimo cha ubora wa sauti). Wimbo wa dakika 4 unakula karibu MB 10, kwa hiyo tafuta Wi-Fi, usimalize bando. FLAC, aina nyingine ya faili la muziki, ina sauti safi zaidi, ila ni nzito takriban mara tatu na redio nyingi za gari haziisomi. Ya nini, na injini inanguruma?

Albamu huja kama ZIP, yaani faili moja lililofungasha nyimbo zote. Kwenye Android, fungua Files, ingia Downloads, gusa ZIP, kisha Extract. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wananakili ZIP yenyewe kwenye flashi badala ya nyimbo zilizotolewa humo, halafu wanailaumu redio.

Flashi ya GB 32 inatosha, iwe imefomatiwa (imeandaliwa) kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza picha za harusi. Nyimbo zikipigwa ovyo, anza majina ya mafaili na 01, 02, 03.