Hosta Chini ya Mti: Kivuli Hakinyweshi Mmea

Kila joto linapopanda naitwa kwenye bustani za kivuli kutazama hosta, mimea ya bustani inayopandwa kwa ajili ya majani yake mapana, zilizodumaa, na karibu kila mara naulizwa niseme ni mbolea gani iwekwe. Kabla sijajibu nachukua sepeto ndogo, nachimba sentimita 15 kando ya mmea na kumpa mwenye bustani udongo aushike. Ni vumbi tupu. Juu kuna kivuli kizuri na ubaridi, chini hakuna hata tone.

Hilo ndilo kosa ninaloliandikia leo, maana linawagharimu watu miaka. Hosta huchukua miaka minne hadi mitano kufikia ukubwa wake, na aina kubwa huchukua zaidi. Ikikaa na kiu misimu miwili mfululizo, hairudi pale ilipoachia, inarudi nyuma. Iliyokuwa na machipukizi manane inatoa matano, kisha matatu, na majani yake yanapungua upana mwaka hadi mwaka. Mwenyewe anadhani mbegu ni mbaya au udongo umechoka.

Watu wamesikia kwamba hosta ni mmea wa kivuli, wakaelewa kwamba ni mmea wa kuachwa. Sivyo. Asili yake ni Japani, Korea na Uchina, na huko nyingi huota penye mvua za kutosha na udongo wenye unyevu. Inavumilia kivuli; ukavu haiuvumilii vizuri. Na chini ya mti ndipo pakavu kuliko sehemu nyingine yoyote ya bustani. Matawi hudaka mvua ndogo kabla haijafika chini, na ile inayofika hugombaniwa na mizizi myembamba ya mti, ambayo mingi imo katika sentimita 30 za juu, palepale mizizi ya hosta ilipo. Katika ugomvi huo mti hushinda daima. Tena majani ya hosta yenyewe yakishatanuka yanakuwa mwavuli: maji yanateleza na kudondokea nje ya mzizi.

Sasa vipimo, na naomba vifuatwe kama vilivyo. Hosta inahitaji milimita 25 za maji kwa wiki, za mvua au za kumwagilia. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mmea uliotanda sentimita 60 unataka lita 7 kwa wiki, wa sentimita 90 unataka lita 16, na wa sentimita 120 unataka lita 28. Udongo ukiwa wa kichanga, au joto likizidi, ongeza nusu yake. Wengi ninaowatembelea hunyunyiza lita moja jioni, wanaona majani yamelowa, wanaridhika. Lita moja hailowanishi hata matandazo, yaani majani makavu yanayotandazwa juu ya udongo!

Gawa kiasi hicho mara mbili kwa wiki, asubuhi na mapema. Inua majani, umwage taratibu kuzunguka shina mpaka ukingo wa majani, usubiri maji yanywee, kisha uendelee. Usimwagie juu ya majani. Kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoishi ndani ya majani ya hosta na kuacha michirizi ya kahawia kati ya mishipa. Huhama kutoka jani hadi jani, na mmea hadi mmea, kwa maji yanayorukaruka. Ikiingia bustanini, kuitoa ni kazi ngumu mno.

Mvua ikinyesha, usikisie. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka chini ya mti, pale hosta zilipo, upime kwa rula. Nasisitiza chini ya mti, kwa sababu kopo lililowekwa uwanjani litakudanganya.

Kama bado hujapanda, kaa angalau mita moja na nusu kutoka kwenye shina la mti, na miti ambayo mizizi yake inaonekana juu ya udongo iache kabisa. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa sentimita 60, changanya mboji theluthi moja ya udongo uliotoa. Mizizi ya mti iliyo nyembamba kuliko kidole gumba unaweza kuikata, minene iache na usogeze shimo. Nawaomba pia msijaze udongo juu ya mizizi ya mti ili kupata kitanda cha hosta. Mizizi hiyo inahitaji hewa, na nimeona miti mikubwa ikianza kukauka kwa sababu hiyo. Mahali pakishindikana, panda kwenye chungu kipana chenye matundu na ukiweke kivulini.

Matandazo yawe sentimita 5, na yaishie sentimita 5 kabla ya shina la hosta. Yakilundikwa shingoni, shina huoza, na konokono hupata makazi.

Kuhusu mbolea: usiitie kwenye udongo mkavu kamwe. Chumvi zake huunguza mizizi iliyokwisha kuumia kwa kiu. Lowanisha wiki mbili kwanza. Mara nyingi baada ya hapo haja ya mbolea inakwisha.

Ncha na kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia ilhali mmea uko kivulini, chimba uangalie unyevu kabla ya kununua dawa yoyote. Majani ya mwaka unaofuata yakiwa mapana zaidi, umepatia.

Jambo moja la wakati limebaki. Wengi huacha kumwagilia mara maua yanapokwisha, wakidhani kazi ya mwaka imekwisha. Wakati huo ndipo machipukizi ya mwaka ujao yanapojengwa chini ya udongo. Endelea na lita zilezile mpaka majani yageuke manjano yenyewe kwa baridi.