Kubaguliwa na kunyanyaswa kazini: hesabu siku kabla hujatafuta wakili

Hapa Tanga, mtu akishaachishwa kazi swali lake la kwanza ni wakili gani mzuri na anataka shilingi ngapi. Mimi namuuliza barua aliipokea tarehe ngapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri na sababu nyingine zilizotajwa humo. Kumnyanyasa mtu kwa sababu hizohizo nako ni ubaguzi. Bosi anayemfokea kila mtu ni mkorofi tu. Anayekufokea wewe peke yako tangu ujulikane una mimba, huyo ana maelezo ya kutoa.

Hatua ya 1: Andika. Ukiandika "alinitukana" hujasema kitu. Andika: Jumanne asubuhi, ghalani, mbele ya karani wa mizani, alisema "wenye matumbo wakapumzike kwao." Meseji usifute, na nakala zitume kwenye simu ya mtu unayemwamini. Kama simu ni ya kazini, siku ya kufukuzwa utaikabidhi pamoja na ushahidi wako.

Hatua ya 2: Lalamika kwa barua. Nakala mbili, moja irudi kwako na muhuri au sahihi ya aliyeipokea. Wengi wanairuka hatua hii kwa woga, na mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana kisasi huonekana kwenye tarehe. Barua yako imepokelewa tarehe 3, onyo la kwanza katika miaka yako yote kazini likaja tarehe 9: mwajiri aeleze. Kumwachisha mtu kwa kuwa ametumia haki yake ya kisheria si sababu halali, na mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki ni wa mwajiri.

Hatua ya 3: Mwakilishi. Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) wakili si lazima. Anaweza kukusimamia kiongozi au mwanachama wa chama chako cha wafanyakazi, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Walioko kwenye mkonge wana TPAWU, hotelini kuna CHODAWU, viwandani TUICO. Ada unakatwa kila mwezi, basi watumie!

Hatua ya 4: Fomu CMA F.1, ya kufungulia mgogoro Tume. Ukiachishwa kazi, una siku 30 za kuifikisha Tume; migogoro mingine siku 60. Mpelekee mwajiri nakala na utunze uthibitisho kwamba ameipata. Usuluhishi hupewa siku 30, ukishindikana mnakwenda kwenye uamuzi, yaani mwamuzi wa Tume anasikiliza pande zote na kuamua. Siku ya kuitwa usikose, shauri laweza kufutwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kaka. Msimamizi ananishikashika, nimechoka, nataka kuacha kazi. Nikiacha mwenyewe si nimepoteza haki?*

Marhaba dada. Si lazima. Mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi ukaondoka, sheria huweza kuhesabu kwamba amekuachisha yeye, na unyanyasaji wa kingono umo. Ila utaulizwa kama ulilalamika kwanza, kwa hiyo barua itangulie. Tena hilo ni kosa la jinai. Dawati la Jinsia polisi lipo, na huhitaji kusubiri Tume.

*Siku 30 zimepita, nilikuwa nimelazwa hospitali ya Bombo.*

Jaza na CMA F.2 ya kuomba kuongezewa muda, uambatishe karatasi za hospitali. Lazima ueleze ucheleweshaji wote, pamoja na siku za baada ya kuruhusiwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

*Nina miezi minne kazini, nimefukuzwa kwa ajili ya dini.*

Chini ya miezi sita hulindwi na vifungu vya uachishaji usio wa haki. Kifungu cha 7 hakina kikomo hicho, hivyo dai lako liite ubaguzi, si uachishaji.

*Mimi ni mwalimu wa serikali, nije CMA?*

Hapana mwalimu, anzia kwenye ngazi za rufaa za utumishi wa umma.