Kufunga kidonda cha moto kwa haidrojeli ya mshubiri au ya madini ya fedha

Mtoto aliyemwagikiwa uji huletwa kwetu akiwa amepakwa kila kitu: dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, mshubiri uliokatwa nyuma ya nyumba. Nusu ya kazi yangu ya muuguzi ni kuyaondoa hayo, naye analia. Kinachoponya ngozi iliyoungua ni unyevu ulio safi. Mimea na dawa vinausaidia tu.

Mwaka 1962, mjini London, mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu hufunga ngozi karibu mara mbili upesi kuliko kilichoachwa kikauke kikafanya kigaga. Haidrojeli imejengwa juu ya jambo hilo: ni karatasi laini, sehemu yake kubwa ni maji yaliyonaswa ndani ya wavu wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Huko Poland, katika miaka ya 1980, mwanasayansi Janusz Rosiak na wenzake waliitengeneza kwa kupiga mionzi mchanganyiko wa polima, maji na agari ya mwani. Mionzi ileile iliugandisha na kuua vijidudu. Jikoni huwezi kufanya hivyo, kwa hiyo usijaribu kujipikia.

Hatua ya 1: maji. Dakika 20 chini ya maji ya bomba yanayotiririka, hata kama saa 2 au 3 zimepita. Barafu hapana. Vua pete na bangili kabla uvimbe haujaanza, na mwili uliobaki ufunike, maana mtoto hupoa haraka.

Hatua ya 2: pima. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 5, mtu mzima zaidi ya asilimia 10, au yeyote aliyeungua uso, viganja, nyayo, maungio ya mifupa au sehemu za siri, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo umeme, kemikali, na ngozi iliyogeuka nyeupe au ngumu isiyouma. Haidrojeli ni ya jeraha la juu juu, jekundu, lenye maumivu. Linalovuja maji mengi linahitaji dresingi ya kufyonza.

Hatua ya 3: safisha. Nusu saa kabla mpe parasetamoli kulingana na uzito. Nawa, vaa glavu, osha kwa maji ya chumvi ya dripu. Malengelenge madogo yaache. Kama karatasi yako ina fedha (madini yanayoua vijidudu), suuza mara ya mwisho kwa maji ya sindano, kwa sababu chumvi huishika fedha na kuipunguzia nguvu.

Hatua ya 4: chagua. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Jeraha jipya lililo safi linatosheka na karatasi ya kawaida au yenye mshubiri. Ya fedha naiweka kwenye jeraha lililochafuka au lenye dalili za vijidudu, na likitulia naiondoa, maana fedha huzisumbua pia seli changa. Mshubiri wa uani siuweki: utomvu wa njano chini ya ganda huwasha, na jani lenyewe lina udongo. Asali ya sokoni nayo inaweza kubeba mbegu za vijidudu. Ya hospitali imepigwa mionzi.

Hatua ya 5: weka. Bandua plastiki, laza karatasi bila kuivuta, ivuke ukingo wa jeraha kama sentimita 2. Juu yake gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), kisha bandeji isiyobana. Kila kidole peke yake, visije vikagandana.

Hatua ya 6: badilisha kila baada ya siku 1 hadi 3. Kuna mtoto niliyemkuta na gozi kavu iliyonata mkononi; tulipoivuta, ngozi changa ilitoka nayo na damu ikachirizika. Haidrojeli hubanduka yenyewe ukiinua kona. Chini yake utaona uteute wenye weupe hafifu: huo ni jeli iliyolainika, si usaha. Harufu mbaya, wekundu unaotambaa, homa au maumivu yanayozidi, ndivyo vya kukimbilia hospitali.

Ulizia chanjo ya pepopunda siku ya kwanza. Wiki 2 zikipita kidonda hakijafunga, usiongeze karatasi nyingine; mpeleke kwa daktari wa upasuaji.