Mazoezi Makali ya Vipindi kwa Kupanda Mlima wa Kigoma

Anayetaka kuanza mazoezi makali ya vipindi akiwa Kigoma mjini hahitaji mashine wala ukumbi, kwa kuwa barabara inayopanda kutoka stesheni ya reli kuelekea eneo la Mwanga inamtosha. Utaratibu wenyewe ni kujituma kwa nguvu kwa muda mfupi, kutembea taratibu hadi pumzi itulie, kisha kurudia. Wengi hufupisha mapumziko wakidhani huo ndio ushujaa, ilhali mapumziko hayo ndiyo yanayomwezesha mtu kukianza kipindi kinachofuata kwa nguvu ile ile.

Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la damu, mjamzito, pamoja na mtu mzima aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, amwone daktari kwanza. Wengine wote wapashe mwili joto kwa kutembea dakika 5 hadi 10.

Anayeanza asikimbie. Apande mlima kwa kutembea haraka kwa sekunde 30, ateremke polepole kwa dakika 2, na arudie mara 6, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Kipimo chake kiwe mazungumzo: akiweza kusema sentensi ndefu bila kukatika pumzi, aongeze mwendo, akishindwa kutamka hata maneno mawili, amezidisha. Mwenye saa ya kupima mapigo ya moyo anaweza kutoa umri wake kwenye 220, hivyo mwenye miaka 40 atapata 180, na asilimia 80 hadi 90 ya hapo ni mapigo 144 hadi 162 kwa dakika. Hayo ni makadirio tu, na anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo asiyategemee. Kuteremka kusidharauliwe, kwani mbio za kuteremka ndizo zinazoacha mapaja yakiuma siku mbili. Kila mtu ateremke kwa kutembea.

Baada ya wiki 6 hivi, aliyezoea anaweza kukimbia dakika 1 akipanda na kupumzika dakika 2, mara 6 hadi 8. Mwenye magoti mabovu atumie baiskeli. Anayependa mchanga wa ufukwe wa Kibirizi, pale wanapoanika dagaa, apunguze muda wa vipindi, maana mchanga hula nguvu nyingi kuliko lami.

Kwa mkimbiaji mzoefu, utaratibu unaojulikana sana ni dakika 4 za kasi na dakika 3 za mwendo mwepesi, mara 4. Upo pia ule wa mtafiti Izumi Tabata wa Japani, uliochapishwa mwaka 1996: sekunde 20 za nguvu, 10 za mapumziko, mara 7 au 8. Wanaoruka ruka dakika 4 huku wakicheka na kuuita kwa jina hilo wanajidanganya, kwa sababu wanamichezo wa Tabata waliendesha baiskeli ya mazoezi hadi wakaishiwa nguvu kabisa.

Fanya mazoezi alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu joto huongeza mapigo ya moyo. Maumivu ya kifua au kizunguzungu vikitokea, acha mara moja na utafute matibabu. Katika kipindi cha kwanza, weka jiwe kando ya barabara pale ulipofika. Ukishindwa kulikaribia mara mbili mfululizo, tembea dakika 5 za kutuliza mwili, kisha urudi nyumbani, hata kama mizunguko uliyopanga haijaisha.